Kampuni ya watu kumi, mtihani wa Google

Mwezi wa sita 2015 Max Howell, jamaa aliyetengeneza Homebrew, ile programu ambayo madevelopa kibao wa Mac wanaitumia kuinstolia vitu vyao vingine vyote, aliandika Twitter kwamba Google wamemkataa. Kwa maelezo yake, 90% ya mainjinia wa Google walikuwa wanatumia kitu alichokiandika yeye, ila kwa vile alishindwa kugeuza mti wa binari kwenye ubao (zoezi la darasani, data imepangwa kwa matawi mawili mawili, unaambiwa ubadilishe la kushoto liwe kulia) wakamwambia aende zake (yeye alitumia neno lingine, hapa tuliache). Watu wakacheka, wakabishana, wengine wakasema alistahili, alafu maisha yakaendelea. Miaka zaidi ya 10 baadae ule mti bado unageuzwa, sema sasa hivi unageuzwa Mikocheni ya Dar na Westlands ya Nairobi, kwenye kampuni ambazo kazi yao yote ni kuunganisha duka la mtu na malipo ya simu.

Mi hoja yangu ni moja na ntaing'ang'ania. Intavyuu za tech huku kwetu zinakera sio kwa sababu ni ngumu, zinakera kwa sababu mtihani wenyewe tumeuazima mzima mzima kutoka kwa watu wenye tatizo ambalo sisi hatuna. Ugumu hauna shida, mtu akikuuliza swali gumu la kazi unayoenda kuifanya unatoka pale umechoka lakini una amani, hata ukikosa.

Tatizo lao ni lipi? Foleni. Kampuni kubwa za Marekani zinapokea maombi mengi mno na wengi wa hao waombaji wako vizuri, sasa kwao kumkosa mtu mzuri sio hasara kubwa, yupo mwingine nyuma yake na mwingine nyuma yake tena. Wanachokiogopa ni kumwingiza mbovu, maana kumtoa ni gharama. Kwa hiyo wametengeneza mchujo ambao wanajua kabisa unaangusha na watu wazuri, na hilo haliwanyimi usingizi. Kwa mahesabu yao iko sawa.

Sasa chukua hayo mahesabu uyalete kwenye kampuni ya watu kumi pale Kijitonyama. Wameweka tangazo, wamepata CV 300, nusu ni za watu waliosoma kozi ya wiki chache, na ndani ya hizo 300 wanaoweza kweli kuunganisha API ya malipo (mlango ambao programu moja inapitia kuongea na nyingine) na kuisimamia ikidondoka saa nane usiku labda ni wanne. Wanne! Hapo ukimwangusha mmoja kwa swali la mti umetupa robo ya watu wote uliokuwa nao. Na hao wanne wana wateja wengine, maana tangu Microsoft wafungue kituo chao cha mainjinia Nairobi 2019 na Google nao watangaze chao 2022, waajiri wadogo wa kule wamelia sana kunyang'anywa watu, na huku Dar anayejua kazi anafanya rimoti na Wazungu akiwa kwao Kigamboni. Yaani ile kampuni ndogo ndo ingetakiwa kuwa na mtihani wa kumtafuta mtu, sio mtihani wa kumkimbiza.

Kinachochekesha ni kwamba hata wenye mali walishaanza kuacha baadhi ya hizo mbinu muda mrefu. Mnakumbuka yale maswali ya mafumbo, mara mifuniko ya mashimo ya barabarani kwa nini ni ya duara, mara mipira mingapi ya gofu inaingia kwenye ndege. 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa bosi wa masuala ya wafanyakazi pale Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba yale mafumbo ni kupoteza muda kabisa, hayatabiri chochote, kazi yake kubwa ni kumfanya anayeuliza ajione mjanja. Hiyo ni 2013. Mimi nimekutana na swali la mifuniko Dar es Salaam, kwenye intavyuu ya kazi ya kutengeneza mfumo wa stoo, juzi juzi tu hapa. Jibu nilikuwa nalo maana liko kila mahali, nikalitoa, mzee wa paneli akatabasamu akaandika kitu kwenye karatasi. Stoo hatukuigusa kabisa.

Na paneli zetu jamani. Mnaingia chumbani wako watano. Mmoja ni HR, mmoja ni wa fedha, mmoja ni mkurugenzi ambaye anaingia anatoka na simu, mmoja hajajitambulisha mpaka mwisho, na mmoja tu ndo anajua tech, na huyo mmoja ndo mdogo kuliko wote kwa hiyo haongei sana. HR anakuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano. Wa fedha anakuuliza kama unaweza pia kutengeneza printa. Mkurugenzi anarudi, anauliza "huyu ndo wa IT?" alafu anataka kujua kwa nini uliondoka kazi ya mwanzo. Dakika 40 zimeisha, yule wa tech anapewa nafasi, na yeye kwa sababu ya haraka anachomoa swali la kwanza aliloliona kwenye simu yake, eleza tofauti ya staki na kyuu, njia mbili za kupanga data ambazo kila mtu anafundishwa darasani. Unaeleza. Kwaheri, tutakupigia. Hakuna mtu pale ndani aliyejifunza chochote kuhusu wewe ambacho CV haikusema, na ukweli huwezi kumlaumu mmoja mmoja, kila mtu kaja na swali lake la mfukoni na hakuna aliyekaa chini kabla kusema tunatafuta nini.

Upande wa serikali angalau mpangilio unaeleweka, lazima niseme hivyo hata kama tunapenda kuwaponda. Sekretarieti ya Ajira inakupeleka kwa hatua, usaili wa mchujo ambao ni wa kuandika, kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, alafu mahojiano, na majina ya walioitwa yanawekwa wazi kila mtu anayaona. Shida iko kwenye wingi. Mnaokumbuka 2014, Uhamiaji walijaza Uwanja wa Taifa na waombaji zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70. Ile haikuwa ya tech lakini ndo mazingira yaliyozaa mchujo wa karatasi, ukiwa na umati wa namna ile utafanyaje, unatunga maswali ya kuchagua, unakata. Matokeo yake kijana anayeweza kuisimamisha seva iliyokufa anakaa anakariri maana ya RAM na miaka ya matoleo ya Windows, na aliyekariri vizuri zaidi ndo anaenda mbele. Nawaelewa. Ila tusijidanganye kwamba pale tunapima ufundi, pale tunapunguza umati.

Tukija kwenye asainimenti za kwenda kufanya nyumbani ndo napandwa na presha. Wazo lenyewe ni zuri, mpe mtu kazi ndogo inayofanana na kazi yenyewe, akae kwa utulivu na laptopu yake, uone anavyofikiri. Safi sana. Sasa huku kwetu asainimenti inakuja hivi: tengeneza mfumo kamili wa kuagiza chakula, uwe na kujisajili na kulogini, menyu, kapu, malipo ya simu, dashibodi ya admini yenye ripoti za mauzo, aplikesheni ya dereva, andika na majaribio, uweke kwenye seva tuione ikiwa laivu, siku tatu. Hiyo sio asainimenti hiyo ni mradi wa watu watatu miezi miwili. Mtu ana kazi yake anayoifanya mchana, usiku anakesha, bando lake, umeme ukikatika anahamia kwa rafiki, seva kailipia kwa hela yake, anatuma Jumapili saa sita usiku. Kimya. Wiki, kimya. Anaandika kuuliza kwa adabu, kimya. Wenyewe tunaita kuchuniwa, na umeshachuniwa na watu walioshindwa kuandika sentensi mbili baada ya wewe kuwaandikia mfumo mzima.

Wapo wanaosema hizo kampuni zinaiba kazi za watu. Zipo pengine, ila kwa nilichokiona mimi nyingi hata hazifungui ulichotuma, na hiyo ndo mbaya zaidi. Angeiba ningejua angalau aliisoma. Ukiangalia vizuri ile asainimenti ya siku tatu haimgharimu mwajiri hata shilingi, ndo maana haijawahi kupungua. Kama angetakiwa kulipa hata elfu 50 kwa kila anayeifanya, siku hiyo hiyo ingekuwa ya masaa mawili na wangepewa watu watano badala ya hamsini. Gharama yote ya kuchuja imehamia kwa mtu asiye na kazi, ambaye ndo mwenye uwezo mdogo kuliko wote pale kwenye foleni.

Matangazo yenyewe nayo ni vituko. Kuna ile ya Sebastián Ramírez, aliyeibuni FastAPI, zana ya kutengenezea API kwa lugha ya Python, 2020 aliandika kwamba kaona tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka 4 na zaidi wa FastAPI, hawezi kuomba kwa sababu yeye mwenyewe aliitengeneza mwaka mmoja na nusu uliopita. Huku kwetu toleo lake ni tangazo la junia mwenye uzoefu wa miaka 5, ajue lugha saba, ajue na mitandao, ajue kudizaini posta, mshahara "utategemea makubaliano". Alafu wa kwanza kutaja hela unatakiwa uwe wewe, kwenye fomu, kabla hata hujamwona mtu, na ukitaja kubwa hawakuiti, ukitaja ndogo wamekupata.

Za rimoti sitakaa sana. Saa saba mchana ya San Francisco wakati wao wa kiangazi ni saa tano usiku yetu, we unakaa sebuleni kwa kunong'ona watoto wamelala, na anayekuhoji anaona tu mtu mwenye sauti ya chini asiyejiamini. Mtandao ukigoma sekunde kumi ukiwa katikati ya kueleza, umeonekana umekwama. Basi.

Sasa hilo la kuangaliwa lina utafiti wake na mi naupenda sana. 2020 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State pamoja na Microsoft walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta, wakawapa tatizo la kutatua kwenye ubao. Nusu walifanya mbele ya msaili huku wakieleza kwa sauti wanachowaza, nusu wakaachwa chumbani peke yao na ubao wao. Waliokuwa wanaangaliwa uwezo wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Swali lile lile, watu wa aina ile ile. Na kuna kipande kinachouma zaidi, wanawake wote waliofanya mbele ya msaili walishindwa, na wanawake wote waliofanya peke yao walilipata. Idadi yao ilikuwa ndogo, watafiti wenyewe walitahadharisha, lakini kama una timu ya madevelopa kumi wote wanaume na huwa unasema "wanawake hawaombi", anza kwa kuuangalia mlango wako mwenyewe.

Haya, wasaili nao wana lao, na mimi nimekaa upande ule wa meza, sio kwamba nawasema kutoka mbali. CV zinadanganya. Zinadanganya sana. Mtu kaandika seniori, miradi kumi, unamwambia andika programu ihesabu kuanzia 1 mpaka 100, namba inayogawanyika kwa 3 iseme Fizz, kwa 5 iseme Buzz, kwa zote mbili iseme FizzBuzz, anaanza kutoka jasho. Hicho kiswali kipo tangu 2007 na bado kinafanya kazi yake ya kuwatoa wale ambao hawajawahi kuandika kitu kabisa. Na sasa kuna AI, mtu yuko kwenye Zoom macho yanasoma pembeni, unauliza swali anarudia neno kwa neno "swali zuri sana" ili apate muda wa kusubiri jibu litokee kwenye skrini, alafu anakumwagia aya nzima yenye vichwa vya habari. Hata Sundar Pichai, bosi mkuu wa Google, 2025 alisema wanarudisha angalau raundi moja ya ana kwa ana. Kwa hiyo hofu ya msaili ni ya kweli, sio roho mbaya.

Ila angalia hiyo AI imeanza kuua nini. Imeua yale yale maswali ya kukariri. Mti wa binari? Inaugeuza kabla hujamaliza kuuliza. Asainimenti ya mfumo wa chakula? Jioni moja. Mtihani ulioazimwa ulikuwa haupimi kazi, sasa hata kukariri haupimi tena, na jibu la wengi ni kuongeza ulinzi, washa kamera mbili, onyesha chumba chako, usiangalie pembeni, badala ya kubadilisha swali.

Na swali la kubadilishia lipo, liko kwenye kazi yenyewe kila siku. Hili hapa ambalo mimi nalitumia, chukueni bure. Mteja analipa 25,000 kwa simu. Kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye seva yako kwamba hela imeingia. Seva yako inaipokea, inaongeza salio la mteja, ila kabla haijajibu "nimepata" mtandao unakatika. Wao hawajapata jibu, wanatuma tena ile ile. Seva inaongeza tena. Mteja sasa ana 50,000 na hajalalamika, kwa nini alalamike. Ungefanyaje?

Hapo unakaa unasikiliza. Aliyeanza juzi atasema ntacheki kwanza kama muamala ule nshaupokea. Vizuri, na zikija mbili kwa mpigo, zote zikacheki kwa wakati mmoja, zote zikakuta hakuna? Atanyamaza kidogo, na huo ukimya una faida, unamwona mtu anafikiri. Mwingine atafika mwenyewe kwamba namba ya muamala iwekwe kwenye databesi isikubali kujirudia, uiandike kwanza, ya pili igomewe na databesi yenyewe, na kuandika muamala na kuongeza salio viwe kitu kimoja, vyote viende au vyote visiende. Unamsukuma tena, na kama taarifa isipokuja kabisa? Aliyewahi kuumia atakwambia unawauliza wao hali ya muamala, na jioni unalinganisha hesabu yako na ya kwao mstari kwa mstari, alafu ataanza kukupa stori ya siku ilipomkuta, na hapo hata hujahitaji kumuuliza uzoefu wake ni miaka mingapi. Ukimwekea mwenye AI pembeni anaweza kukupa jibu la kwanza zuri sana, kwenye la tatu ukimuuliza "wewe ulipokutana nalo ulifanyaje" anaishiwa. Dakika 40. Hakuna mti.

Alafu waulize wote hilo hilo. Hili watu wanalidharau kwa sababu halina ujanja wowote. 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia kupiga mahesabu ya tafiti za miaka mingi kuhusu njia zipi za kuajiri zinatabiri utendaji kazini, na intavyuu yenye mpangilio, ambayo kila mtu anaulizwa maswali yale yale na maksi zina vigezo vilivyoandikwa kabla, ndo ilitoka juu kabisa, 0.42, kwenye kipimo ambacho 0 ni haitabiri kitu na 1 ni inatabiri bila kukosea. Ile ya kupiga stori, kila msaili na swali lake la mfukoni, 0.19. Hata chini ya nusu. Ile paneli yetu ya watu watano ni hiyo ya 0.19, na kuipandisha hakuhitaji programu ya kununua wala mshauri kutoka nje, kunahitaji mtu mmoja achape karatasi moja siku moja kabla, mkurugenzi asome nae, na wa printa aambiwe leo hapana.

Kuna atakayesema kampuni nyingine hazitafuti uwezo, nafasi ina mwenyewe, intavyuu ni ya kukamilisha faili. Zipo, koneksheni zipo, wote tunajua, na kwa hizo makala hii haina msaada. Kuzijua sio ngumu lakini. Tangazo la siku tatu, sifa zimekatwa kwa mtu fulani mpaka chuo alichosoma, na ukiuliza nafasi ilikuwa ya nani kabla ya hapo hakuna anayekujibu.

Kwa unayeomba kazi sasa hivi, asainimenti ikizidi jioni moja waandikie kwamba utafanya kipande kimoja vizuri na utaeleza vingine ungevifanyaje. Ninaowajua waliojaribu hivyo, baadhi walikataliwa na baadhi waliitwa, na walioitwa ndo waliokuta watu wenye akili upande wa pili. Na hawa wanaochunia watu, kuna kitu wengi hatujakitumia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinakupa haki ya kuomba kuziona taarifa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine. Zile karatasi ambazo paneli walikuwa wanaziandika huku wanakuangalia zina jina lako juu. Wa kwanza kuziomba kwa barua rasmi alete mrejesho.